Upande wa Kushoto wa Karatasi

Huku kwetu, kati ya Malava na Butali, mtu akifa hazikwi kabla hajasomwa. Nikisema kusomwa nina maana ya historia yake: alizaliwa na nani, alioa nani, alizaa akina nani, alifanya kazi wapi, alianza kuugua lini. Mchungaji atahubiri, wakubwa watapokezana kipaza sauti na kusema mambo yao, lakini mtu ambaye watu wanamnyamazia kweli ni yule mwenye karatasi. Akitaja jina la mtoto, mtoto anasimama pale alipo, watu wote wanamwona, kisha anaketi. Ukisimama siku hiyo, wewe ni wa boma hilo na hakuna wa kukuondoa. Usiposimamishwa, hata uwe na sura ya marehemu kama mlipigwa muhuri mmoja, watu watakuangalia kwa jicho lingine mpaka uzeeke.

Aliyekuwa anatusomea tulimwita Msomaji. Hata mke wake alimwita Msomaji, akimtuma kufunga ng'ombe au akimgombeza kwa ajili ya matope sebuleni. Na mimi sitamwita vingine.

Nilimjua kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa sufuria. Shule niliishia darasa la tatu, lakini niambie watu mia sita wanakuja kuzika nami nitakuambia mchele kiasi gani, maharagwe kiasi gani, na kuni zitoke kwa nani. Basi yeye na mimi tulikuwa tunafika matangani kabla ya wengine, siku moja mbele. Mimi nachimba meko, yeye anaomba karatasi. Akishapewa, anaingia nayo kwenye migomba na kuisomea migomba. Ukipita na ndoo unamsikia huko ndani: "Marehemu alikuwa mtoto wa nne..." Wasichana waliokuwa wakinisaidia kuosha sufuria waliogopa mara ya kwanza. Nikawaambia msiogope, huyo anafanya kazi.

Jina likimshinda hakulipitia juujuu. Alimtafuta mwenye jina. "Wewe unaitwaje? Hebu tamka nisikie." Kuna boma moja walikuwa wameoa watu wa Mumias, Waislamu, majina yao ya Kiarabu yana ile kha na ghaini inayotoka kooni. Alishinda jioni nzima kwa yule shemeji yao akifundishwa, anakohoa, wanacheka, anarudia. Kesho yake alipolitaja, yule shemeji alisimama polepole kama mtu anayeamshwa usingizini.

Sauti yake haikuwa kubwa. Watu waliomsikia kwa habari tu wanadhani alinguruma, hapana. Kipaza sauti alikisukuma kando, alisema kinamjibu. Alisoma taratibu mpaka vijana wenye haraka ya kwenda kula waanze kusogeza viti, naye anainua macho na kuwaambia, "Marehemu haendi popote. Ni nyinyi ndio mna safari." Halafu anarudi palepale alipoachia.

Hakuonja kitu kabla ya kusoma, hata chai. Alisema tumbo likishiba sauti inalala. Lakini akimaliza, mama yangu wee. Nilikuwa namwekea obusuma, ugali wetu, wa watu wawili na paja la ingokho, yaani kuku, analimaliza bila kusema asante. Asante ilikuwa inampa taabu sana yule mtu. Nilikuja kugundua kwamba akirudisha sahani mwenyewe mpaka jikoni, hiyo ndiyo asante.

Kitu kingine, alikuwa anaogopa maiti. Unaweza kucheka. Mtu aliyesimama kando ya majeneza maisha yake yote, na watu wakipiga foleni kumwangalia marehemu kwa mara ya mwisho, yeye yuko nyuma ya hema anafunga kamba ya kiatu. Kamba hiyo ilikuwa haifungiki mpaka foleni iishe. Nilimtania siku moja, "Mulamwa, hao unaowasoma hutaki hata kuwaona?" Mulamwa ni shemeji, marehemu mume wangu alikuwa rika lake, ndiyo maana tuliitana hivyo. Akanijibu, "Mimi nawajua kwenye karatasi. Huko wako salama."

Na tena, mtu huyu aliyeunganisha maboma ya wengine hakuwa akisalimiana na ndugu yake wa tumbo moja. Walitengana kwa ajili ya ua wa mpaka, mambo ya miwa kuvuka. Wanakutana njiani kila mmoja anaangalia shamba. Sijui kwa nini nalisema hilo, ila lilikuwepo, na ukimwandika mtu mwandike na madoa yake.

Sasa sikiliza kwa nini watu walimwamini. Kulikuwa na boma upande wa Butali, baba yao amekufa, na dada yao mmoja alikuwa amerudi kutoka kwa mume na watoto. Kaka zake hawakutaka atajwe, walisema akisimama leo, kesho atadai pa kujenga. Wakampa Msomaji karatasi isiyo na yule dada. Aliisoma kwenye migomba, akatoka, akawauliza, "Na yule niliyemwona akipeta mahindi pale nyuma?" Wakasema huyo ana kwao. Akaikunja karatasi na kuwarudishia. "Tafuteni mwingine. Mimi sisomi boma lenye pengo." Saa ile watu wameanza kujaa, jeneza liko njiani, watampata wapi mwingine? Wakamwandika. Yule dada alisimama na mtoto mgongoni, na leo amejenga.

Kwa hiyo neno la Msomaji lilikuwa ndilo. Ndiyo sababu lililotokea baadaye liliuma vile.

Presha ilimwangusha asubuhi moja akikamua. Alilazwa mjini Kakamega wiki kadhaa, akarudi na mkongojo, mguu wa kushoto unaburuta, mkono wa kushoto umelala kama mgeni asiyejua kazi za nyumba. Lakini mdomo ulikuwa mzima, na akili pia. Alituambia majina ya wauguzi wote na vijiji vyao. Tukasema, Mungu ametuachia sauti. Hatukujua kwamba ugonjwa ulikuwa umechukua kitu kingine kisichoonekana hata kwa mwenyewe.

Dalili tuliziona, tukazipa majina mengine. Alinyoa ndevu upande wa kulia, za kushoto akaziacha. Tukasema mkono umechoka. Alijigonga kwenye mwimo wa mlango, wa kushoto kila mara, tukasema ni mguu. Ukimsalimia ukiwa upande ule hajibu, na wengine wakaanza kunung'unika kwamba Msomaji tangu apone amejivuna.

Miezi ikapita, akafa mzee mmoja jirani mwenye nyumba mbili, yaani wake wawili. Mke wa kwanza tulimwita Mama Mkubwa, mama mnyamavu sana, miguu imeshaanza kumkataa. Kati ya nyumba hizo hapakuwa na vita, lakini hapakuwa na amani ya kulalia pia. Wakamwendea Msomaji. Alifurahi mpaka akapiga viatu rangi yeye mwenyewe, na hapo pia alipiga kimoja, mke wake akamalizia cha pili huku akigomba.

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, ile ya kukunja. Mbele kulikuwa na picha ya marehemu upande wa kushoto na maneno upande wa kulia. Hayo aliyasoma vizuri, nami kwenye meko nilisikia na nikashukuru. Akafungua ndani. Ndani walikuwa wamepanga nyumba mbili sambamba: kushoto Mama Mkubwa na watoto wake na wajukuu, kulia mama mdogo na wake.

Akasoma kulia. Akamtaja mama mdogo, akasimama. Akawataja watoto wake mmoja mmoja, wakasimama, wakaketi. Akafika chini, akaikunja karatasi, akasema, "Hao ndio aliowaacha. Mungu awafariji."

Watoto wa Mama Mkubwa walikuwa kwenye safu ya mbele. Walikuwa wamefunga vifungo vya makoti, wamesogea ukingoni mwa viti, tayari kusimama. Nawaona mpaka leo. Hakuna aliyesimamishwa.

Kijana wao wa kwanza, nasema kijana lakini ana mvi, alisimama bila kuitwa. Akauliza kwa utulivu, "Mzee, mama yetu hakuolewa hapa?"

Msomaji akashangaa. "Nimesoma karatasi yote."

"Yote?"

"Neno kwa neno."

Kijana akaenda akamfungulia karatasi na kumwekea mbele ya uso. "Basi soma hapa."

Msomaji akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, namjua, hakuwa anaigiza. Akasema, "Hapa nimeshasoma. Unataka nirudie?" Na akaanza tena, jina la mama mdogo.

Ndipo maneno yakamwagika. Wakasema ameshikwa mkono na nyumba ndogo. Wakasema yule wa kukataa mapengo sasa ameonyeshwa chakula kizuri. Mama mdogo akalia akiapa kwamba hajui lolote. Mchungaji akaanzisha wimbo juu ya kelele, na mzee akazikwa hivyo, nusu ya boma lake wakiwa wamekaa kwenye viti kama wapita njia. Watu walipoondoka Mama Mkubwa alikuwa bado ameketi pale, na mimi ndiye niliyempelekea chai, akaishika mpaka ikapoa.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita Msomaji tena, na wale waliokuwa wakimpungia mkono barabarani wakapata shughuli nyingine. Yeye alirudia jambo moja tu: "Nilisoma yote. Kwa nini niseme uongo uzeeni?" Na hakika alikuwa anaamini. Hicho ndicho kilichonisumbua. Mtu akila rushwa huwa ana kaharufu fulani, mimi nimepikia wengi nawajua. Yeye hakuwa nako.

Nikaenda kuwaona. Mke wake akanipokea mlangoni kwa mashtaka. "Mama Wafula, karibu, ingia umsikie mtu wako. Kila siku anawaambia watu namnyima chakula."

Msomaji alikuwa mezani. "Si uone mwenyewe, mulamwa. Nusu ya bonge, mboga hakuna. Mtu mzima anapimiwa kama kifaranga."

Nikaangalia sahani. Upande wa kulia palikuwa peupe, pameliwa mpaka pameng'aa. Kushoto kulikuwa na ugali mwingine wa kutosha na lundo la murenda, mboga yetu ile ya kuteleza, haijaguswa.

"Na hiyo ni ya nani?" mke wake akauliza.

"Ipi?"

"Hiyo."

"Mama, usinichezee mbele ya mgeni."

Mke akaishika sahani kwa hasira, akaizungusha, akaipigiza mezani. Msomaji akatabasamu. "Ahaa. Sasa ungeleta mapema tusingegombana."

"Sijaleta kitu," akasema mke wake, na akaketi chini. Tukaangaliana sisi wawili.

Tukampeleka kule mjini alikolazwa. Alitupokea binti mmoja wa mazoezi, wale wanaowafundisha wagonjwa kutembea na kushika vijiko upya. Tukamweleza habari ya sahani na habari ya matanga. Hakushangaa hata kidogo. Akampa Msomaji karatasi yenye vijistari vilivyotawanyika, akamwambia avikate vyote kwa kalamu. Akavikata vya kulia, akarudisha kalamu kwa heshima. "Nimemaliza, binti yangu." Vya kushoto vyote vimekaa vinatuangalia. Akamwambia achore saa ya ukutani. Akachora duara zuri, kisha namba zote akazisonga upande mmoja, kama watu waliokimbilia kibanda mvua ikinyesha.

Binti akasema, "Mzee, macho yako ni mazima. Miwani haitakusaidia. Ni ubongo ulioumia upande huu, na sasa umeacha kushughulika na kushoto."

"Kushoto nakujua," akasema Msomaji, na akaonyesha sawasawa.

"Ukiulizwa unakujua. Usipoulizwa, huendi kukutafuta. Na kwa kuwa hukutafuti, huwezi kujua kwamba kumebaki kitu."

Halafu akauliza, na hapa sauti yake ilikuwa ndogo, "Siku ile wale watu walikuwa kwenye karatasi?"

"Walikuwepo," mke wake akasema.

"Wote?"

"Wote, Msomaji."

Sijawahi kumwona akilia, na siku hiyo pia hakulia. Alifunga kamba ya kiatu chake, iliyokuwa imefungwa.

Binti akampa dawa yake, ambayo si ya kumeza. Utepe mwekundu, unabandikwa ukingo wa kushoto wa ukurasa, toka juu hadi chini. Kabla ya kusoma mstari wowote, geuza kichwa mpaka uone wekundu. Hujaona wekundu, usianze. Alichukia. "Wananifundisha kama wa nasari," alisema. Lakini kila asubuhi alikaa barazani na Biblia yenye utepe, kichwa kinakwenda na kurudi, mke wake akifuma na kumwambia "nyekundu" kila akisahau. Siku nyingine aliruka nusu ya zaburi na akaisifu kuwa fupi. Siku nyingine aliipata yote. Yule binti hakutuahidi kwamba hali hiyo itapona, na haikupona. Alijifunza tu kuitilia shaka karatasi.

Alichokuwa anakitaka si kuitwa tena matangani. Alitaka Mama Mkubwa ajue. Basi tukaenda, yeye na mkongojo wake, mke wake, na mimi. Kijana wa kwanza alitupokea kwa adabu ya baridi, akasikiliza habari ya vijistari na saa, kisha akasema, "Mzee, naheshimu mvi zako. Lakini niambie, ni ugonjwa gani huu unaojua kuchagua nyumba?"

Na kweli, wewe ungemjibu nini?

Msomaji akamgeukia Mama Mkubwa, aliyekuwa kwenye kigoda mbele yake, akaanza kumweleza upya, toka siku ya presha. Mama Mkubwa akainuka kwa taabu. Akatembea, akampita, akasimama kushoto kwake, karibu kabisa, ungeweza kupitisha kiganja tu kati yao. Msomaji akaendelea kukieleza kigoda. Alisema kidogo, akasita, akaita, "Mama? Ameenda wapi huyu mama? Amekasirika?"

"Niko hapa," akasema Mama Mkubwa sikioni mwake, naye akashtuka mpaka mkongojo ukaanguka.

Kijana wa kwanza aliona. Lakini ana shingo ngumu, na kilichompata kilimpata mbele za watu. Akasema, "Mimi peke yangu nikiamini haisaidii. Waliotuona tukikaa ni kijiji kizima. Siku ya makumbusho aje asome. Na asome karatasi ileile."

Makumbusho ni siku tunayorudi kaburini, muda umepita, kaburi limejengewa saruji, watu wanakula na kumkumbuka mtu bila kilio kikubwa. Nilipika mimi. Msomaji alifika bila kuonja kitu, koti limepigwa pasi. Utepe alikuwa nao mfukoni, lakini kijana alipompa karatasi mbele ya umati wote, mkono mmoja hauwezi kushika karatasi na kubandika utepe, na kuomba msaada aliona haya. Akaanza hivyo hivyo. Ya mbele akaisoma. Akafungua ndani, na kichwa chake kikaenda kulia chenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akajua kwamba kuna kitu, na hakijui kilipo. Nilikuwa nimeacha sufuria, nimesimama na mwiko mkononi, na watu walianza kunong'ona.

Mama Mkubwa akainuka. Akamzunguka akaenda kusimama kushoto kwake, akashika ukingo wa karatasi, akagonga kwa kidole mara mbili ili asikie. Yeye kusoma hajui, hajaenda shule hata siku moja. "Mimi niko huku," akamwambia. "Anzia kwenye kidole."

Msomaji akageuza kichwa. Akageuza tena, zaidi, mpaka akakipata. Akakitazama. Kisha akasema kwa hofu, nasi wa mbele tukasikia, "Mama, hapo ulipoweka mimi sioni kitu."

Kijana wa kwanza akafunga macho. Nami nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Mama Mkubwa akasema, "Huwezi kuona, hakuna kitu. Hawakumwandika." Kidole kilikuwa juu ya majina, mahali peupe. "Alitangulia hawa wote. Alikuwa ameanza kutambaa. Siku zile mtoto kama huyo hatukumsoma popote, tulimzika na kurudi shambani."

"Aliitwaje?"

"Nekesa."

"Hebu tamka tena, nisikie."

Akatamka. Msomaji akainua uso na kusoma, kwa ile sauti isiyokuwa kubwa, "Wa kwanza, Nekesa." Akangoja, muda ule ule aliokuwa akiwangojea watu wasimame na kuketi. Mama Mkubwa akateremsha kidole. Msomaji akakifuata kwa kichwa kizima.

"Wa pili," akasema, na akataja jina la kijana yule. Naye, aliyekuwa amehesabiwa wa kwanza tangu azaliwe, akafunga kifungo cha koti, akasimama.